Mapipa ya rangi yapo, mabango yapo, mbona chuoni hakubadiliki kitu?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mimi niko mwaka wa pili na ni mwanachama wa klabu ya mazingira chuoni kwetu. Muhula uliopita tulihangaika mpaka tukapata mapipa ya rangi tatu, la karatasi, la plastiki na la takataka nyingine, tukabandika na mabango kila kona, lakini watu bado wanatupa wanavyojisikia, na juzi nimemuona mtu wa usafi anamwaga yote matatu kwenye mfuko mmoja, yaani niliumia sana. Wenzangu washaanza kukata tamaa na utawala unasema hela ya mambo hayo hakuna. Tuendelee au tuachane nayo?

JIBU: Msiachane nayo mdogo wangu, ila badilisheni pa kuanzia. Kwanza huyo mtu wa usafi msimlaumu kabla hamjaongea naye. Fungua hilo pipa la karatasi uangalie, utakuta kikombe kina chai nusu, mfuko wa chakula umevuja, na karatasi ikishalowa mafuta hairudi tena kiwandani, kwa hiyo hata angetenganisha mifuko ingekataliwa tu. Muulizeni taka anampa nani na huyo anazipeleka wapi, maana kama hakuna anayechukua karatasi basi lile pipa halina kazi. Halafu mapipa yakae matatu matatu pamoja, kwa sababu mtu ana haraka ya kuwahi kipindi, atatupa kwenye lililo karibu.

Lakini mimi ningeanzia bwaloni kabisa. Chakula kikifukiwa dampo kinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa uzito uleule inapasha joto dunia karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi, ukipima kwa miaka 100. Ombeni ruhusa mkae wiki nzima na mizani pale sahani zinaporudishwa, mpime mabaki ya kila mlo na kuandika. Kuna vyuo viliondoa trei tu na mabaki yakapungua, maana mtu anabeba sahani moja, anakula, akitaka zaidi anarudi. Hiyo haina gharama, tena inapunguza na maji ya kuoshea trei.

Msikimbilie kupiga marufuku vitu. Chuo Kikuu cha Vermont kule Marekani kiliacha kuuza maji ya chupa mwaka 2013, sehemu za kujazia maji bure zikawepo, ila utafiti uliotoka 2015 ukaonyesha chupa zinazoingia chuoni ziliongezeka, kwa sababu soda na vinywaji vingine vya sukari viliendelea kuuzwa na watu wakahamia huko.

Sasa hela. Mwambieni mkuu wa utawala awape bili za umeme za jengo la maabara, maana pesa nyingi huwa zinapotelea humo na mabango hayafiki huko. Lile kabati la kioo kwenye maabara ya kemia linalovuta mvuke wa kemikali linatupa hewa ya chumba nje usiku na mchana, na kama jengo lina kiyoyozi basi hewa hiyo ilishapozwa kwa umeme, ndo maana kabati moja linaweza kula nishati kama ya nyumba tatu za Marekani. Kwenye makabati ambayo feni hupunguza kasi kioo kikishushwa, kukishusha tu baada ya kazi kunaokoa umeme mwingi, na hapo hamjanunua kitu. Friji za baridi kali za kuhifadhia sampuli zinazowekwa nyuzi -80 za Selsiasi nazo waulizeni wahusika kama sampuli zao zitakaa salama kwenye -70, kwa sababu umeme unapungua vizuri tu.

Na wakisema tena hela hakuna, waambieni kwamba Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kina mfuko unaokopesha idara zake kwa miradi ya kuokoa nishati, idara inalipa kwa kile ilichookoa kwenye bili, kisha pesa ileile inakopeshwa mradi mwingine. Kwenu inaweza kuanza kidogo sana, hata kwa kubadilisha taa za korido moja. Mkizipata hizo bili tuandikieni, tutawasaidia kupanga hesabu ya kupeleka ofisi ya fedha.