Mama pweza afe au asife?

Mwanangu,

Mswada wako wa kitabu cha pweza nimeusoma, na swali lako nimelipata: watoto wa chekechea waambiwe kwamba mama pweza hufa mayai yakishaanguliwa, au umwache aishi acheze na wanawe?

Usimuue, ila usiwadanganye. Mama pweza akishataga hujifungia pangoni, hali chakula, kazi yake ni kuyapulizia mayai maji na kuyasafisha mpaka yaanguliwe. Hapo nguvu zinakuwa zimemwishia. Vitoto, vidogo kama punje za mchele, huchukuliwa na mkondo wala havimjui. Basi ukurasa ule wanapopika pamoja, ufute. Malizia vitoto vinapopanda juu kwenye mwanga, mama yuko mlangoni mwa pango. Mtoto akiuliza "na mama yake je?", aliyempakata ataona amjibu nini. Kuna wa miaka minne anayeweza kuambiwa, na kuna wa sita wa kungojewa.

Kinachonikera mimi ni vina. Umeandika:

Pweza wetu alicheka,
Baharini akaruka,
Na samaki kashituka,
Wote wakafurahika.

Mizani nane kila mstari, sawa. Lakini vina vyote ni vitenzi, na vitenzi vyetu karibu vyote huishia na "a", kwa hiyo hukuhangaika hata kidogo. Halafu mtoe pweza umtie chura: ubeti haubadiliki! Pweza hata kuogelea hapendi sana. Ana mioyo mitatu, na ule mkubwa husimama anapoogelea, ndiyo maana hutambaa. Damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Huna haja ya kubuni vituko, anavyo mwenyewe. Jaribu hivi:

Pweza hana hata fupa,
Hupenya shingo ya chupa,
Papa akija kwa pupa
Hukuta wino majini.

Ni mtindo wa utenzi, mistari mitatu inafanana vina na wa nne unatoka peke yake. Wa nne wa kila ubeti uishie "-ni", watoto watausubiri na kuusema kabla yako. Na unapohesabu mizani, piga kofi kwa kila silabi, usihesabu kwa macho. "Mfupa" ni makofi matatu, ndiyo maana nimeandika "fupa".

Usifiche kwamba pweza huliwa. Mtoto wa Jambiani au Kizimkazi, kule Unguja, anamjua pweza wa kwenye sufuria kabla ya wa kwenye kitabu, na bibi yake huenda kumchokoa mwambani maji ya bamvua, yale makubwa, yakitoka. Mtie bibi huyo na kijiti chake, pweza abadili rangi afanane na jiwe, bibi apite. Kizimkazi na Pemba watu hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa pweza wapate kukua. Hilo nalo lingefaa ubeti mmoja, ukiweza kulisema bila kuhubiri. Ukishindwa, liache.

Mchoraji wako amechora minyiri kumi. Kumi ni ya ngisi. Pweza ana minane, na mboni ya jicho lake imelala kama mstari, si duara. Mwambie arekebishe kabla hajatia rangi, kisha nitumie tena kurasa zote, hata zile usizozipenda.

Mamako