Mdogo wangu askari anatumia unga, nifanye nini?

Pole sana dada. Umesema mdogo wako yuko jeshini, kaja likizo, ukakuta kete ya unga, yaani heroini, kwenye soksi yake, na hujui uende kwa mkuu wake au unyamaze.

Kunyamaza, hapana. Huyu anakabidhiwa silaha. Ila usianze na mkuu wake, anza na yeye mwenyewe, asubuhi, mkiwa wawili tu. Kaka yangu alipitia haya. Nakumbuka alivyojikunja sakafuni kwa arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, makamasi yanamtoka, anatetemeka kwenye joto la Dar. Kumfungia chumbani hakukumsaidia. Kilichomsaidia ni methadoni, dawa anayopewa mtumiaji badala ya heroini. Muhimbili wanaitoa tangu 2011, bure, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa sababu ni kila siku, askari hawezi kuificha kambini, kwa hiyo mshawishi aende mwenyewe kwa daktari wa kikosi kabla hajakamatwa. Akikamatwa, atabanwa na sheria ya nchi na ya jeshi pia.

Hiyo kete usiihifadhi, kukutwa nayo ni kosa.

Na tafadhali mwambie hili: mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili husahau kuuhimili unga. Akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kukata pumzi usingizini. Ukimsikia anakoroma isivyo kawaida na haamki, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali usiku huohuo.