Kabla ya kupanda farasi wa viunzi

Vijana wengi huniuliza njia ya kuwa joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, kwa kuwa nafanya usaisi, kazi ya kutunza farasi, hapa Lambourn, kijiji cha Uingereza ambacho kila asubuhi magari husubiri farasi wapite. Mbio za uwanja tambarare sizijui vizuri. Za kuruka viunzi nawaambia hivi: uliza kwanza nani atakulisha ukivunjika.

Majoki wa miaka ya 1950 walilipwa kwa kila mbio waliyopanda. Ukilazwa, mfuko unakauka. Desemba 1963 Tim Brookshaw, bingwa wa msimu wa 1958/59, alianguka kwenye uwanja wa Aintree, Liverpool, akapooza. Machi 1964, uwanja huohuo, Paddy Farrell, baba wa watoto wanne, akaanguka kwenye kiunzi cha The Chair katika Grand National, mbio maarufu za kuruka viunzi, akavunjika mgongo. Ndipo watu wakachanga, ukaanzishwa mfuko wa majoki walioumia, nao upo hadi leo. Yaani ilibidi wawili wavunjike kwanza! Kwa hiyo, mkataba wako usome ukurasa wa bima kabla ya ukurasa wa mshahara.

La pili, jifunze kukaa juu ya farasi bila kuning'inia kwenye hatamu. Wapo wanaozivuta utadhani wanamtoa ng'ombe shambani. Mwaka 1962, kule Auteuil, Paris, joki Fred Winter alimpanda farasi Mandarin huku tumbo likimsumbua, na lijamu, chuma cha mdomoni kinachoshika hatamu, likakatika mbio zikiwa bado mbichi. Viunzi vilivyobaki aliviruka akimwongoza farasi kwa miguu na uzito wa mwili, wakashinda kwa tofauti ndogo ya kichwa. Ustadi huo haupatikani siku ya mbio. Mimi huwaambia wanaoanza wapande bila vikuku vya kukanyagia miguu, wazungukezungushe farasi uwanjani mpaka mapaja yawake moto.

Na ujue utakachofanya ukishuka. Winter huyohuyo alistaafu 1964 akiwa na ushindi 923, akaomba kazi ya msaidizi wa mwanzisha mbio, akanyimwa. Akageukia kufundisha farasi, hapahapa Lambourn, na farasi wake wakachukua Grand National ya 1965 na ya 1966. Wewe huenda usipate bahati hiyo. Leseni ya lori la farasi, kupiga kwato misumari, hesabu za banda: chagua kimoja ukisomee jioni, kipindi ambacho magoti bado hayajaanza kulalamika.