Kabla ya kupiga hodi: maneno ya pesa za wazee Malindi

Ninyi mnaoanza kuandikisha watu wa Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wazee, watu wenye ulemavu mkubwa na nyumba zenye yatima, fomu mtapewa na pa kujaza mtaonyeshwa. Maneno ya kumuuliza mtu mlangoni pake hamtaonyeshwa, na miaka yangu ya mwanzo maneno ndiyo yaliyowakosesha wazee haki yao mikononi mwangu.

Kwanza jina lenyewe. Ukisema "uhawilishaji wa fedha" hapa Malindi utatazamwa tu. Watu wanasema "pesa za wazee", wengine "ile elfu mbili", kwa sababu ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara nyingi zimekuwa zikija za miezi miwili pamoja, kwa hiyo utamsikia mwingine akisema "elfu nne yangu". Ni pesa zile zile, usimsahihishe. "Zishatoka?" ndilo swali utakaloulizwa kila kona, hata ukiwa sokoni na kikapu chako.

Neno lililoniumiza ni pensheni. Mzee mmoja mvuvi wa upande wa Shella, miaka yake 74, nilimuuliza kama ana kipato kingine. Akaniambia, "Naingoja pensheni yangu." Nikaandika kwamba ana pensheni. Tangu 2018 pesa hizi ni za wazee wa miaka 70 na zaidi, lakini anayelipwa pensheni ya kazi hachukuliwi. Jina lake halikutoka. Niliporudi kwake nikakaa naye barazani, ndipo nikaelewa: hajaajiriwa siku hata moja, maisha yake yote ni bahari. Dada yake yuko Unguja, na huko wazee wa miaka 70 wanapewa Pensheni Jamii tangu 2016. Yeye alitumia neno la dada yake. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si ungeniuliza pensheni ya wapi?" Ilibidi angoje uandikishaji mwingine. Kwa hiyo usiulize "una pensheni?" Uliza, "Baba, uliwahi kuajiriwa? Serikalini au kampuni? Kuna kinachoingia kila mwezi kwa kazi ile?"

Neno yatima nalo lina mtego. Fomu inamhesabu hata mtoto aliyefiwa na mama. Lakini kwa Waislamu wengi wa hapa, waliosoma chuoni, yaani madrasa, yatima ni mtoto asiyebaleghe aliyefiwa na baba. Ukiuliza "kuna yatima humu?" bibi atakujibu hakuna, na wajukuu wake watatu, watoto wa marehemu binti yake, wamekaa mkekani mbele yako. Muulize bibi, kwa kila mtoto, mamake yuko wapi na babake yuko wapi.

Ukienda Ganda au Jilore, liache neno kaya. Kwenye fomu ni watu wa nyumba moja. Kwa mzee wa Kigiriama Kaya ni msitu wa wahenga, ni Kaya Fungo, wala huwezi kumuuliza kaya yake ina watu wangapi kama unayeuliza idadi ya kuku. Uliza mnaokula chungu kimoja ni wangapi. Hapo atakuhesabia kwa vidole, hata kijana aliyeko Mombasa atakwambia huyo ana chungu chake.

Mlezi pia. Sisi tunamaanisha mtu atakayemsaidia mzee kwenda kuchukua pesa zake kama hawezi mwenyewe. Nilipomuuliza bibi mmoja, "Mlezi wako ni nani?" alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Aliyenilea alikufa nikiwa mwari." Kwake kulea ni kulea mtoto. Siku hizi nasema, "Ukiwa huwezi kutoka, unamwamini nani akuchukulie pesa zako?" Na hapo uwe na subira, kwa sababu swali hilo ni zito. Pengine mwana aliyeketi karibu siye anayemwamini. Tafuta sababu ya kumtoa kidogo kijana huyo, omba hata maji ya kunywa, ndipo umuulize tena.

Maskini sitaki kulisikia mlangoni kabisa. Mafakiri na maskini ndio wanaotajwa kwanza kati ya makundi manane ya wanaopewa zaka, na mtu aliyelea watoto kwa jasho lake hapendi kuwekwa humo na mgeni mwenye karatasi, tena jirani akisikia. Nimeona mama akikataa kuandikwa kwa neno hilo moja, na nyumbani hamna unga. Mwambie ni haki ya umri wake, maana kwa wazee ndivyo ilivyo.

Na kabla ya kuandika kwa kalamu, mimi naandika pembeni kwa penseli neno alilolitumia mwenyewe, halafu namsomea nilichoelewa, polepole. Akisema "hapo umenipata", naandika. Akisita, nafuta na tunaanza upya, hata kama jua limeshazama na mwenzangu ananipigia honi ya bodaboda nje.