Maswali Yenu: Bruce Ames, Vitamini na Uzee

Barua kadhaa zimeuliza kuhusu Bruce Ames, mwanabiokemia wa Marekani aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 95. Nimechagua nne.

Kipimo cha Ames tunachofundishwa darasani kinahusiana vipi na lishe? (Mwanafunzi, Chiromo)

Mwanangu, kipimo hicho alikibuni katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Unachukua bakteria wa salmonela walioharibika jeni moja, hawawezi kujitengenezea histidini, kijenzi cha protini wanachohitaji ili waote. Unawaweka kwenye sahani yenye histidini kiduchu, unaongeza kemikali unayoishuku pamoja na maji ya ini la panya lililosagwa, maana kemikali nyingi huwa hatari zikishapita kwenye ini. Baada ya siku mbili hivi unahesabu vidoa vya bakteria walioota, yaani ambao jeni lao limebadilika wakaweza tena kujitengenezea histidini. Vikizidi sana vya sahani ya kulinganishia isiyotiwa kemikali, kemikali hiyo inabadilisha DNA. Kwa njia hii yeye na mwanakemia Arlene Blum walifichua hatari ya dawa ya kuzuia moto iliyotiwa kwenye nguo za kulalia za watoto, na Marekani ikaipiga marufuku 1977.

Akitoka hapo akajiuliza: je, kukosa chakula fulani nako kunaharibu DNA? Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kwamba upungufu wa foleti, vitamini ya kundi B, huvunja kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA.

Watoto wangu wanashiba ugali kila siku. Kwa nini kliniki waniambie lishe haitoshi? (Mama, Kayole)

Mama, hapa ndipo Ames alipomalizia nguvu zake, na mimi naona kazi hii inakipita hata kile kipimo. Mwaka 2006, akiwa na miaka 77, alitoa nadharia ya triaji. Mwili uliopungukiwa vitamini au madini hufanya kama muuguzi wa kasualti: aliye taabani huingizwa kwanza, anayeweza kungoja hukaa kwenye benchi. Kidogo kilichopo huenda kwenye kazi za kukuweka hai leo, na ukarabati wa mwili unasubiri.

Chukua vitamini K, iliyojaa kwenye sukuma wiki, managu na terere. Ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu. Mifupa huihitaji pia, na mishipa ya damu huihitaji isikakamae. Ikipungua kidogo, ini hutangulizwa. Ukijikata damu inaganda vizuri, huhisi lolote, kumbe mfupa unadhoofika taratibu kwa miaka. Ames na mtafiti mwenzake Joyce McCann waliupanga ushahidi huo mwaka 2009. Bado ni nadharia, na kwa binadamu haijathibitishwa yote, lakini kwa mzazi anayepanga sahani inatosha kumzindua.

Basi ugali ubaki, ila mboga iongezeke, na ndengu, maharagwe au omena zisikose kwa wiki. Angalia na unga: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe chuma, zinki na vitamini. Wa posho mill mara nyingi hauna.

Nimeuziwa vidonge vya kuzuia uzee kwa bei kali. Nivimeze? (Mzee, Umoja)

Mzee wangu, hapana. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzuia uzee. Mwaka 2002 maabara ya Ames iliwapa panya wazee asetili-kanitini na asidi ya lipoiki, kemikali mbili ambazo mwili hujitengenezea, wakachangamka, naye alishiriki kuanzisha kampuni ya kuuza mchanganyiko huo. Lakini hao ni panya. Wauzaji hawakutajii Finland, ambako wavutaji sigara walipewa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, wakitarajiwa kukingwa. Matokeo ya 1994 yalionyesha saratani ya mapafu iliongezeka kwao. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usiguse kidonge cha vitamini K bila daktari.

Mama yangu ana miaka 74, anakula chai na mkate tu. (Binti, Kasarani)

Kwanza mwangalie meno. Wazee wengi huacha nyama na mboga kwa sababu ya kutafuna. Mpe yai, maziwa lala, ndengu zilizopondwa, managu yaliyopikwa yakalainika. Chai isogezwe mbali na mlo, angalau saa moja, kwa kuwa huzuia chuma kisifyonzwe. Akiwa na ganzi miguuni au usahaulifu mpya, omba apimwe vitamini B12: tumbo la mzee mara nyingi hushindwa kuitoa kwenye chakula, na hapo kidonge au sindano ya daktari ni tiba halali kabisa.