Umeshika RETAINS, ukacheza TRAIN

SWALI: Kocha, shikamoo. Kila jioni nafanya mazoezi ya Scrabble, huu mchezo wa kuunda maneno kwa herufi unazoshika, kwa programu ya simu inayotafuta maneno: naingiza herufi, inaniletea orodha. Nimelipia hata ile isiyo na matangazo. Lakini nikikaa mezani akili inaganda. Juzi nilishika A, E, I, N, R, S, T nikacheza TRAIN, mpinzani akanicheka. Je, ipo programu bora kuliko hii, au Kiingereza changu ndicho kidogo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Kiingereza chako kinatosha. RETAIN unalijua tangu shuleni, na RETINA umeisoma kwenye baiolojia walipofundisha jicho. Maneno yote mawili ulikuwa nayo mkononi, na S ya kuongeza mwishoni. RETAINS ingekupa 7 za herufi na 50 za bonasi ya kumaliza herufi zote: 57, kabla hatujagusa miraba ya rangi ubaoni. TRAIN ina 5.

Sasa hilo la "programu bora". Naulizwa kila wiki, na kila wiki naudhika. Unaingiza herufi, simu inajibu, wewe unasoma na kutikisa kichwa: "Ah, kumbe!" Hapo aliyefanya mazoezi ni simu. Kesho ukipewa herufi zilezile utaganda vilevile, maana kichwa chako hakijawahi kuulizwa chochote. Fanya hivyo mwaka mzima, utabaki ulipo.

Hata simu yenyewe haitafuti kama unavyodhani. Herufi saba zisizojirudia zinapangika kwa njia 5,040. Programu iliyoandikwa vizuri haihangaiki nazo. Inapanga herufi zako kialfabeti, AEINRST, kisha inafungua orodha ambayo maneno yake yameshawekwa kwa mpangilio huohuo. NASTIER, RETAINS, RETINAS, RETSINA, STAINER, STEARIN: yote yamelala chini ya AEINRST, yanatoka kwa mkupuo. Wachezaji wakali nao wanafanya hivyo. Ukiwaona wanapanga herufi zao kialfabeti kabla ya kufikiri, usidhani ni unadhifu.

Kwa hiyo geuza mazoezi. Chukua kadi, mbele andika herufi kialfabeti, nyuma maneno yake. Tazama mbele tu, jikaze dakika nzima, ndipo ugeuze. Kadi iliyokushinda irudie kesho. Uliyoipata iweke hadi wiki ijayo. Anza na hizohizo AEINRT sita, kisha ongeza herufi moja moja. Ukipata C ni CERTAIN. D ni TRAINED, G ni GRANITE, P ni PAINTER. L inaleta LATRINE. Ndiyo, choo cha shimo, nacho kina bonasi yake ya 50 kama neno lingine lolote. Usipotaka karatasi, ipo Zyzzyva, programu iliyotengenezwa kwa kazi hii: inakuonyesha herufi, inakuacha uteseke, na inakumbuka ulipokosea. Hiyo siigombi.

Mezani, tenga pembeni S, au ED, au ING, au RE ya mwanzoni, uone kilichobaki kinasemaje. Ungetenga S juzi, RETAIN ingekutazama usoni.

Na hofu ya Kiingereza iache. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, hali hawezi kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno, basi. Thailand nayo imetoa mabingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao.

Wanaonichefua zaidi ni wale wanaouza faili kwenye makundi ya WhatsApp: "Maneno yote ya siri ya mabingwa, lipa leo." Siri gani? Maneno mafupi ya Q kama QI na QAT yanajulikana na kila mwanaklabu, na ukimwomba mchezaji yeyote mzoefu atakuandikia bure. Maneno ya herufi mbili yanazidi 120 kidogo tu. Mtu mwenye nia anayamaliza bila kumlipa mtu. Nimeshaona wanafunzi wanachangishana pesa za nauli kununua faili la namna hiyo, wanalikariri, wanafika mashindanoni na neno linapingwa, zamu inapotea. Muuzaji alikuwa amezoa orodha mtandaoni bila kujua ni ya mchezo upi. Nyingine zina hadi majina ya watu na vifupisho.

Scrabble ya Kiingereza ina orodha mbili kuu za maneno yanayokubaliwa. Marekani na Canada wana yao. Uingereza, Australia na sisi Afrika Mashariki tunatumia ya kamusi ya Collins, ambayo ni kubwa zaidi. Hata programu yako hiyo uliyoilipia, ingia kwenye mipangilio uangalie inatumia ipi. Isipokuambia, iulize CH na ZO. Collins inayakubali yote mawili, ya Marekani inayakataa. Na mtu akikuletea faili la kuuza, mwombe akuonyeshe maneno hayo mawili kabla hujatoa hata shilingi.