Kivinjari cha Majaribio Kisiwe Kile Unachosomea Barua Pepe

Kwa yeyote anayeanza kuendesha majaribio ya kiotomatiki ya tovuti kwenye kompyuta yake, ushauri wangu wa kwanza ni kukitenga kivinjari cha majaribio na kile cha matumizi ya kila siku. Kivinjari cha kila siku kina vidakuzi, nywila na viendelezi vya kuzuia matangazo, na lolote kati ya hayo laweza kulifanya jaribio lifaulu kwako na kufeli kwa mwenzako. Isitoshe, kivinjari hicho hujisasisha chenyewe. Chrome hutoa toleo jipya kila baada ya wiki chache, ilhali ChromeDriver, kiendeshi kinachopokea amri za jaribio na kuzifikisha kwenye kivinjari, hudai toleo linalolingana nacho; ndiyo maana majaribio yaliyokwenda vizuri jioni yanaweza kukataa kuanza asubuhi, ingawa hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa programu.

Kwa sababu hiyo natumia Chrome for Testing, Chrome maalumu kwa majaribio iliyotolewa na Google mwaka 2023. Haijisasishi, na kila toleo lina kiendeshi chake. Namba ya toleo naiandika ndani ya mradi ili timu nzima itumie kivinjari kimoja, nasi hupanda toleo pale tunapoamua wenyewe.

Anayetumia Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kiotomatiki, toleo la 4.6 au la baadaye, hana haja ya kupakua kiendeshi kwa mkono, kwa kuwa Selenium Manager iliyomo ndani yake humtafutia. Hata hivyo, kagua kwanza PATH, yaani orodha ya folda ambamo mfumo wako hutafuta programu, maana kiendeshi cha zamani kilichosahaulika humo ndicho kitakachotumika, na utahangaika bure kutafuta kosa kwingine. Playwright, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwa upande wake hupakua vivinjari vyake yenyewe, mzigo wa mamia ya megabaiti. Mwenye bando dogo aagize Chromium peke yake, kivinjari huria ambacho Chrome imejengwa juu yake. Ikumbukwe pia kwamba WebKit ya Playwright, injini ambayo Safari hutumia kuonyesha kurasa, si Safari kamili, hivyo anayelazimika kuipima Safari yenyewe atahitaji Mac.

Wasifu wa kivinjari, yaani folda inayohifadhi vidakuzi, nywila na mipangilio yake, nao uwe mpya katika kila jaribio. Wapo wanaoona ni rahisi kuunganisha majaribio na wasifu wao wa kawaida ili wasiingie upya kwenye akaunti, lakini tangu Chrome 136 ya mwaka 2025 poti ya utatuzi wa mbali, mlango ambao programu nyingine hupitia kukiongoza kivinjari, haifunguki tena kwenye folda ya kawaida ya wasifu, kwa kuwa wezi wa vidakuzi walikuwa wakiipitia. Kwangu huo ni uamuzi wa busara: elekeza --user-data-dir, chaguo linaloitajia Chrome folda ya wasifu, kwenye folda ya muda, kisha uifute.

Ukiendesha kivinjari bila dirisha, taja ukubwa wa skrini waziwazi, kwa mfano 1280 kwa 800, la sivyo tovuti inaweza kujipanga kama iko kwenye simu na vitufe unavyovitafuta vikajificha ndani ya menyu.